Ukingo wa Njia na Askari Aliyepoteza Mguu

Ukingo wa njia ya waendao kwa miguu katika miji mingi una kimo cha sentimita 15 hivi. Mtu mwenye miguu yake miwili huupanda bila ya kuufikiria, wala jioni hakumbuki ameupanda na kuushuka mara ngapi. Lakini kwa mtu aketiye katika kiti cha magurudumu, sentimita hizo 15 ni ukuta wa ngome. Atauzunguka mtaa mzima akitafuta mahali pa kupanda, na asipopaona hana budi kubaki barabarani katikati ya magari, na huko ndiko polisi wa trafiki amkutapo na kumwuliza, pengine kwa ukali, kwa nini anazuia njia.

Wasomaji wetu walio katika majeshi na polisi huenda wasijue ya kwamba askari walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuupiga vita ukuta huo. Habari yenyewe yafaa isimuliwe, maana yawahusu.

Katika mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikielekea ukingoni, mji wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, Marekani, ulikuwa na mwanasheria mmoja aitwaye Jack Fisher. Yeye mwenyewe alikuwa ameumia akiwa jeshini. Wateja waliomjia ofisini walikuwa watu wa hali kama yake: wengine kwa magongo, wengine kwa miguu ya bandia, wengine wakisukumwa vitini. Fisher aliiomba halmashauri ya mji ifanye jambo dogo: kingo za njia zikatwe penye pembe za mitaa, na mahali pake pawekwe zege la mteremko. Halmashauri ilikubali kufanya majaribio katika pembe chache za katikati ya mji, na penginepo ikaweka vyuma vya kushikilia kwa wale watembeao kwa magongo. Hoja ya Fisher haikuwa ya kuomba huruma. Alisema ya kwamba miteremko hiyo ndiyo iliyotenganisha mtu aliyeweza kwenda kazini peke yake na mtu asiyeweza kupata kazi kabisa. Serikali ilikwisha kumpa askari mguu wa bandia na malipo yake ya kila mwezi. Vilikuwa na faida gani ikiwa hawezi kuvuka njia hadi mlangoni pa mwajiri?

Si ajabu kwamba jambo hilo lilianzia pale. Mji jirani wa Battle Creek ulikuwa na Hospitali ya Jeshi ya Percy Jones. Jengo lake hapo kwanza lilikuwa nyumba ya matibabu ya Daktari Kellogg, yuleyule ambaye jina la ukoo wake husomwa hadi leo juu ya maboksi ya chakula cha asubuhi. Jeshi lililichukua mwaka 1942, na likawa moja ya hospitali kubwa za kuwatibu askari waliokatwa viungo. Mitaa ya eneo lile ikajaa vijana wenye sare ambao mkono mmoja wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Raia waliwaona kila siku, na mtu umwonaye kila siku ni vigumu kujifanya hayupo.

Katika hospitali hiyo walipita maafisa watatu vijana. Philip Hart alijeruhiwa mkono huko Normandy mwaka 1944. Bob Dole alipigwa vibaya huko Italia mwezi wa Aprili 1945, na mkono wake wa kulia haukumfaa tena kwa kazi maisha yake yote. Daniel Inouye alipoteza mkono wa kulia mwezi uo huo na katika nchi iyo hiyo. Wote watatu walikuja kuwa maseneta wa Marekani, na jengo lile leo linaitwa kwa majina yao. Dole alipotoa hotuba yake ya kwanza katika Seneti, tarehe 14 Aprili 1969, aliitumia kuzungumzia watu wenye ulemavu, naye alikuwa miongoni mwa waliosukuma sheria kubwa ya haki zao iliyotiwa saini tarehe 26 Julai 1990.

Hesabu miaka, ndugu msomaji. Toka pembe za Kalamazoo hata sheria ya nchi nzima ni miaka 45. Nayo haikuja kwa hisani ya wakubwa tu. Mwezi wa Julai 1978, watu wenye viti vya magurudumu walijipanga mbele ya mabasi katika mji wa Denver na kuyazuia, kwa sababu mabasi hayo yalikuwa ya umma na wao hawakuweza kuyapanda. Na tarehe 12 Machi 1990, makumi ya watu waliviacha viti na magongo yao chini ya ngazi za jengo la Bunge mjini Washington, wakazipanda ngazi hizo kwa kutambaa. Anayetaka kujua maana ya ngazi kwa mtu asiye na miguu, na atazame picha za siku ile.

Kwingineko pia alama za askari zaonekana. Shule ya kwanza ya mbwa wa kuwaongoza vipofu ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Namna ya kutumia fimbo ndefu nyeupe, ile ya kuipeleka kushoto na kulia mbele ya miguu, ilitengenezwa na Richard Hoover mwaka 1944 katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge. Huko Stoke Mandeville, Uingereza, Daktari Ludwig Guttmann aliwakusanya wanajeshi 16, wanaume kwa wanawake, walioumia uti wa mgongo, wakashindana kulenga shabaha kwa upinde tarehe 29 Julai 1948. Na kutoka hapo ndipo yalipozaliwa mashindano ya dunia yaitwayo Paralimpiki. Vigae vyenye vinundu vinavyomjulisha kipofu kwa unyayo kwamba amefika ukingoni mwa barabara ni kazi ya raia, Seiichi Miyake wa Japani, navyo viliwekwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967.

Vijana wa Afrika Mashariki nao walikwenda katika vita ile. Walipigana Burma na kikosi cha King's African Rifles, na baadhi yao walirudi na majeraha ya maisha. Kampala waliyorudia haikuwa na Jack Fisher. Hata katika vita za karibuni zaidi askari wetu wamekuwa wakirudi bila ya mguu au bila ya macho, na wengi wao wamepitia kituo cha Mubende ambako jeshi huwatunza walioumia. Swali ni je, siku mtu huyo atokapo Mubende na kushuka Kampala kufuatilia malipo yake, anaingiaje ofisini?

Kwa upande wa sheria, Uganda haina la kuonea haya. Katiba ya mwaka 1995 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na kifungu cha 35 kinataja haki ya watu hao kuheshimiwa utu wao. Kifungu cha 78 kinawapa wawakilishi katika Bunge, na askari wetu watapendezwa kujua kwamba ni kifungu hicho hicho kiwapacho wanajeshi wawakilishi wao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu uliridhiwa na Uganda tarehe 25 Septemba 2008, na kifungu chake cha 9 chahusu hasa kufikika kwa majengo, barabara, vyombo vya usafiri na habari. Kukatungwa sheria ya mwaka 2006, kisha ile ya 2020 iliyochukua mahali pake. Katikati yao ipo Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013. Tena si watu wachache wanaohusika: sensa ya mwaka 2014 iliwahesabu kuwa asilimia 12.4 ya watu wote wenye umri wa miaka 2 na zaidi.

Lakini sheria haibebi kiti cha magurudumu. Kampala ni mji wa vilima, na kilima hakiwezi kulaumiwa. Mifereji isiyofunikwa yaweza kulaumiwa. Maduka yaliyoinuliwa kwa vidato vinne juu ya njia yaweza kulaumiwa, na hata ile miteremko ambayo wajenzi huimwaga kwa haraka ili mkaguzi apite, mikali kiasi kwamba mbuzi mwenyewe angeteleza. Taksi za abiria 14 zina mlango mwembamba na kidato kirefu, na dereva aonapo kiti cha magurudumu mara nyingi huongeza mwendo, au hutoza nauli ya kiti kama kwamba ni gunia la mahindi. Kwa jirani zetu wa Tanzania, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam mwezi wa Mei 2016, vituo vilijengwa vikiwa na jukwaa la kimo kimoja na sakafu ya basi, kama walivyofanya watu wa Curitiba, Brazili, katika vituo vyao vya mwaka 1991. Abiria husukuma kiti chake akaingia. Hakuna wa kumbeba mgongoni.

Mabasi na majukwaa ni kazi ya mawaziri na wahandisi. Yapo mambo mengine ambayo yamo mikononi mwa askari mwenyewe, leo, bila ya bajeti.

La kwanza ni njia ya waendao kwa miguu. Popote ilipojengwa vizuri, pikipiki za boda boda huiegemea, magari huiegesha nusu ya mwili, na wachuuzi hutandaza bidhaa. Mwenye miguu hupita kwa upande. Kipofu aliyeizoea njia hiyo kwa fimbo yake hujigonga katika usukani wa pikipiki ambayo jana haikuwapo. Polisi aondoaye pikipiki hiyo hasumbui raia ovyo, bali anafungua barabara kama vile angeondoa gari lililopinduka. Na akimkuta kipofu anangoja kuvuka, asimshike mkono kwa ghafla na kumvuta. Aseme kwanza yeye ni nani, kisha ampe kiwiko chake ashike mwenyewe. Ishara za mikono za trafiki, ziwe safi namna gani, hazina faida kwa mtu asiyeziona.

La pili ni zito zaidi, maana laweza kuua. Mlinzi aliye zamu usiku, au askari wa kizuizi barabarani, hupaza sauti: Simama! Mtu aendelee kutembea. Aite mara ya pili, mtu yule asigeuke. Kila askari amefunzwa jambo hilo lina maana gani. Lakini kiziwi hageuki kwa sababu moja tu, kwamba hakusikia. Hana alama usoni, hana gongo, hana kiti. Ulemavu wake hauonekani kwa macho, na giza humnyima hata ule uwezo wake wa kusoma midomo. Hapo tochi ina kazi kubwa kuliko sauti. Mwanga ukipitishwa ardhini mbele ya miguu yake, mara mbili au tatu, atausimamia. Ukielekezwa machoni, humpofua asione mkono wa askari wala sare yake, naye huweza kukimbia kwa hofu, na kukimbia ndiko kumalizako habari vibaya. Akisha kusimama, askari ajitokeze aonekane na kutumia mkono wake kueleza anachotaka. Aelewe pia kwamba kiziwi apelekaye mkono kwa haraka kwenye sikio lake hachomoi silaha. Anaonyesha kwamba hasikii.

Na ikiwa ni lazima akamatwe, jambo moja halifundishwi vya kutosha. Mikono ya kiziwi ndiyo kinywa chake. Ukimfunga pingu kwa nyuma umemziba mdomo, kisha ukamwuliza maswali. Pasipo hatari, pingu na ziwe mbele. Kalamu na karatasi hufaa kwa aliyesoma, lakini viziwi wengi hawakupata shule, na karatasi iliyotiwa alama na mtu asiyejua kusoma si maelezo ya kupeleka mahakamani. Katiba, katika kifungu cha 23, inataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na kifungu cha 28 kinampa mkalimani bila malipo mshitakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama. Lugha ya ishara ni lugha. Katiba iyo hiyo imeitaja katika shabaha zake za taifa, na Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bunge mwaka 1996 akaitumia humo. Kituo cha polisi chenye jina na simu ya mkalimani ukutani, karibu na ile ya zimamoto, kimekwisha kufanya nusu ya kazi.

Limebaki jengo la kituo lenyewe. Mwanamke mwenye kiti cha magurudumu aliyepigwa au kuibiwa hufika kwenye vidato, akaita kutoka chini, na kueleza habari yake ya siri mbele ya wapita njia wote, askari akiandika kutoka barazani. Wengine huona haya wakageuza. Kipimo cha kuondoa aibu hiyo kinajulikana: kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Kituo chenye vidato vitatu vya sentimita 15 kina kimo cha sentimita 45, basi chahitaji mteremko wa mita 5 na sentimita 40, reli ya chuma pembeni, mahali tambarare pa mita 1 na nusu mbele ya mlango ili kiti kigeuke, na mlango wenye nafasi isiyopungua sentimita 80. Mafundi wa jeshi wamejenga madaraja makubwa kuliko hayo chini ya mvua. Uwanja nao katika vituo vingi upo wa kutosha. Mara nyingi ni pale pale kando ya ngazi, panapolundikwa pikipiki zilizokamatwa.