Salazar, reli ya Lobito na Kolwezi: utawala ulianguka Lisbon, moto ukawaka Shaba

Vita ya mwezi wa tano 1978 haijasahaulika Kolwezi. Wazee wanaongea juu ya Mobutu, juu ya « Tigre » waliotoka Angola, juu ya askari wa Légion ya Ufaransa walioshuka na parachuti tarehe 19. Lakini sehemu kubwa ya vita ile ilitayarishwa mbali sana, Lisbon, mji mkuu wa Ureno, siku moja ya mwezi wa nne 1974.

Ureno ilikuwa chini ya utawala wa mkono wa chuma tangu 1926, mwaka ambao jeshi lilipindua serikali. Miaka miwili baadaye, majenerali walimwita António de Oliveira Salazar, mwalimu wa uchumi kwenye chuo kikuu cha Coimbra, awe waziri wa fedha. Alinyoosha hesabu za nchi, na wale waliompa hazina wakajikuta wamempa nchi nzima. Mwaka 1932 akawa waziri mkuu. Mwaka 1933 katiba mpya ikazaa « Estado Novo », yaani Dola Jipya: chama kimoja, magazeti kukaguliwa kabla ya kuchapwa, sendika huru kufungwa, na polisi ya siri ambayo tangu 1945 iliitwa PIDE. Salazar hakupenda kupiga kelele kwenye viwanja kama Mussolini wa Italia. Hakuoa, aliishi kimya, na kimya kile kilidumu miaka 36. Mkongomani aliyekulia chini ya MPR hahitaji mtu wa kumtafsiria picha hiyo.

Kwa watu wa Katanga, Salazar alikuwa jirani. Angola ilikuwa koloni lake, na reli ya Benguela, yenye kilomita 1,344 kutoka bandari ya Lobito hadi mpaka wa Dilolo, ndiyo iliyokuwa njia fupi ya shaba kwenda baharini. Angola ilikuwa pia mlango wa kukimbilia. Mwezi wa kwanza 1963, Moïse Tshombe alipomaliza kujitenga kwa Katanga, ngome yake ya mwisho ilikuwa Kolwezi. Askari wa Umoja wa Mataifa waliingia mjini tarehe 21, na majandarme wengi wa Katanga wakavuka mpaka na silaha zao.

Wareno waliwapokea vizuri, kwa hesabu yao wenyewe. Tangu 1961 walikuwa wakipigana na wapigania uhuru wa Angola, na askari wanaolijua pori walikuwa mali. Majandarme wakapewa jina la « Fiéis », Waaminifu, na wakatumwa kupigana na Waangola wenzao wa mpakani. Mwaka 1968 walipata chama chao, FNLC, chini ya Nathanaël Mbumba. Walikuwa watu wa Katanga waliotaka kurudi kwao, lakini mshahara wao ulitoka kwa mkoloni. Jambo hilo halikuwafaa wala halikuwaheshimisha, na wengi wao walilijua.

Mwaka huohuo wa 1968 Salazar alianguka kutoka kitini, damu ikavuja kwenye ubongo, na nafasi yake ikachukuliwa na Marcello Caetano. Mzee aliishi hadi 1970, na waliomzunguka walimwacha aamini kwamba bado anatawala. Caetano hakusimamisha vita ya Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau. Vita ilikula bajeti, vijana wakakimbilia Ufaransa ili wasiandikishwe jeshini, na makapiteni waliotumwa Afrika mara ya pili na ya tatu walichoka. Tarehe 25 mwezi wa nne 1974 makapiteni hao waliingia Lisbon na vifaru. Watu wakaweka maua mekundu kwenye midomo ya bunduki zao. PIDE ilifyatua risasi na kuua watu wanne, lakini jioni Caetano alikuwa amekubali kushindwa. Karibu miaka 48 iliisha kwa siku moja.

Lisbon walicheza. Huku kwetu hesabu ilikuwa nyingine. Majandarme walibaki bila bwana, na Mobutu alikuwa anaunga mkono FNLA ya Holden Roberto. Kwa hiyo, mwisho wa 1974, walipatana na MPLA, adui yao wa jana, wakapigana upande wake pamoja na Wakuba. Mwezi wa nane 1975 vita ilifunga reli ya Benguela. Shaba ya Gécamines ikalazimika kuzunguka: treni hadi Ilebo, mashua hadi Kinshasa, treni tena hadi Matadi, au kusini, kupitia Rhodesia na Afrika Kusini za wazungu. Bei ya shaba nayo ilikuwa imeanguka, na madeni ya Zaire yakapanda.

Mwezi wa tatu 1977 FNLC ilivuka mpaka, ikachukua Dilolo, Kasaji na Mutshatsha. Askari wa Moroko, walioletwa na ndege za Ufaransa, waliisaidia Zaire kuirudisha nyuma. Tarehe 13 mwezi wa tano 1978 ilirudi, na safari hii Kolwezi ilianguka. Mamia ya raia waliuawa, Wakongomani na wazungu. Mafundi wa kigeni wa Gécamines walikimbia, bei ya kobalti ikaruka duniani, na viwanda vya nje vikaanza kutafuta madini mengine ya kuibadilisha.

Reli ile sasa inatajwa tena. Mwezi wa kumi na mbili 2024 Joe Biden alikutana Lobito na marais wa Angola, Kongo na Zambia kuzungumzia njia hiyo. Upande wa Angola umekwisha kutengenezwa hadi Luau, na kati ya waliopewa kuuendesha kuna kampuni ya Ureno, Mota-Engil. Upande wa Kongo, kutoka Dilolo hadi Kolwezi, kuna zaidi ya kilomita 400 za reli ya SNCC iliyochakaa. Kwa sasa sehemu kubwa ya shaba na kobalti ya Lualaba inapanda malori na kupanga foleni Kasumbalesa.