Stata Ililaumiwa Bure, Mwenye Kosa Alikuwa Betri



Sisi tunaoandika habari hii tunafanya kazi katika gereji ya shamba moja la chai, magharibi ya Uganda. Majani ya chai hayamngoji mtu. Yakishachumwa yanatakiwa kufika kiwandani siku ile ile, na trekta likikataa kuwaka, majani hupata joto ndani ya magunia na kuharibika. Hapo ndipo lawama huanza kutafuta mtu wa kumwangukia.

Msimu mmoja wa mvua lawama hiyo ilimwangukia dereva mwenzetu. Trekta lake lilikataa kuwaka asubuhi mbili mfululizo. Kila akigeuza ufunguo lilitoa mlio mmoja tu, "tak", kisha kimya. Nyapara alisema dereva ameunguza stata kwa kushikilia ufunguo muda mrefu. Na sisi wa gereji, kwa haraka ya kazi, tulikubali bila kupima chochote. Taa si zinawaka? Basi betri ni nzima. Stata mpya ikanunuliwa, na ofisi ikaandika kwamba bei yake itakatwa katika mshahara wa dereva kwa miezi minne. Tulipoifunga stata hiyo mpya, trekta likalia vile vile: "tak".

Tuliona haya. Ndipo tulipochukua mita na kufanya kazi tuliyopaswa kuifanya siku ya kwanza. Betri ikiwa imepumzika ilionyesha volti 12.4. Dereva alipogeuza ufunguo, sindano ya mita ilianguka hadi volti 7. Tukafungua vifuniko vya seli na kupima maji yake kwa haidromita. Seli tano zilionyesha 1.250, lakini ya sita ilionyesha 1.110. Seli moja ilikuwa imekufa. Dereva hakuwa na kosa, wala stata yake ya zamani.

Kwa nini taa zilitudanganya?

Betri ya volti 12 ina seli sita zilizofuatana kama pete za mnyororo, na kila seli hutoa volti 2 na kidogo. Ndani yake mna bamba za risasi na maji yenye asidi. Pete moja ikiwa dhaifu, mnyororo mzima ni dhaifu. Taa mbili kubwa hula umeme kidogo tu, kiasi cha ampea 10, na hata betri mgonjwa huweza kuzilisha. Lakini stata hudai mamia ya ampea kwa mara moja. Hapo ndipo ugonjwa hujitokeza. Kwa hiyo, ndugu dereva, taa kuwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima.

Tufuate utaratibu gani?

Kwanza, sikiliza na utazame. Washa taa kubwa, kisha mwenzako ageuze ufunguo. Taa zikififia hadi karibu kuzimika, shuku betri au viungo vya waya zake. Taa zikibaki na mwanga wao na stata ikae kimya, tafuta kosa katika swichi, waya au stata yenyewe. Na kama injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki, iache betri, ukatazame mafuta.

Pili, tazama vichwa vya betri. Ule ukungu mweupe au wa kijani huzuia umeme. Ondoa kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Safisha kwa maji ya moto yenye magadi, lakini usiyaache yaingie ndani ya seli. Kaza viungo barabara, waya wa hasi ukiwa wa mwisho kurudi. Usiisahau waya inayokwenda kwenye chasisi. Mara nyingi betri mpya hununuliwa kumbe ni nati moja tu iliyolegea.

Tatu, pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa. Volti 12.6 na zaidi ni betri iliyoshiba. Volti 12.2 imebaki na nusu hivi. Ikiwa chini ya 12, ina njaa. Ichajiwe kwanza ndipo ihukumiwe.

Nne, pima wakati wa kuwasha. Betri iliyoshiba isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikianguka zaidi, ingawa ilichajiwa vizuri na viungo vyake ni safi, imechoka.

Tano, ikiwa ina vifuniko, pima kila seli kwa haidromita. Seli iliyoshiba huonyesha 1.265 hivi. Baada ya kuchaji, seli moja ikipishana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, hiyo ndiyo mgonjwa.

Sita, injini ikishawaka, pima tena. Mita ionyeshe kati ya volti 13.8 na 14.5. Isipopanda, tazama mkanda wa feni na alteneta. Ukifunga betri mpya katika gari lisilochaji, utakuwa umeiua na hiyo mpya.

Tulipoyafuata haya, tuliirudisha stata ya zamani, tukafunga betri nyingine, na trekta likawaka kwa mgeuzo mmoja. Stata mpya ikarudi stoo. Vipimo vyote tuliviandika katika daftari: tarehe, volti, na seli moja moja. Mwakilishi wa chama akaliingiza daftari hilo ofisini. Makato yakasimamishwa, na fedha ya mwezi wa kwanza dereva akarudishiwa. Maneno matupu yangejibiwa kwa maneno, lakini daftari halikuweza kujibiwa.

Tusisahau macho yetu

Betri inayochaji hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo. Usivute sigara karibu nayo wala kuimulika kwa kiberiti. Ukiazima umeme wa gari jingine, funga chanya kwa chanya. Kisha hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho uibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri iliyopasuka au iliyovimba usiiguse kwa umeme kamwe. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa tu, si ya mferejini, wala usiongeze asidi. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, si chini ya dakika 15, kisha nenda hospitali mara moja. Risasi nayo ni sumu: nawa mikono kabla ya kula, na usipeleke betri kuukuu nyumbani kwenye watoto.

Miwani, glavu na maji karibu na mahali pa kuchajia si zawadi ya mwajiri. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Na Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Neno la nyapara aliyekasirika halimo katika orodha hiyo.

Ndugu zetu wa magereji, madereva na matingo: dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hayo sharti yatazamwe. Kila gereji iwe na mita moja, haidromita moja na daftari moja, na kila betri iandikwe siku ilipofungwa. Gari likikataa kuwaka, tupime kabla ya kusema. Sisi tulisema kabla ya kupima, na mwenzetu alikaribia kulipa miezi minne kwa ajili ya haraka yetu.