Jino Dogo Lamfichua Popo wa Kale

Ukienda mnadani kununua mbuzi, hutazama nini ili ujue umri wake? Humfungua mdomo, ukatazama meno. Wataalamu wa mambo ya kale nao hutumia meno kumtambua mnyama.

Huko Nyuzilandi, karibu na St Bathans, zamani palikuwa na ziwa kubwa. Ziwa lilitoweka, tope lake likabaki. Wataalamu waliuchekecha udongo huo, kama sisi tunavyochekecha unga. Wakapata meno na vipande vya mifupa ya popo. Umri wake ni kati ya miaka milioni 16 na 19!

KWA NINI MENO?
Mifupa ya popo ni myembamba, maana lazima awe mwepesi ndipo aruke. Huvunjika upesi. Lakini ganda la nje la jino ni gumu kuliko mfupa. Kwa hiyo jino hudumu.

JINO LASEMA NINI?
Magego ya popo mla wadudu yana ncha kali. Ya popo mla matunda ni bapa zaidi. Wataalamu hupima jino, kisha hulilinganisha na meno ya popo wanaojulikana. Lisipofanana na la yeyote, basi wamepata aina mpya.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2018 popo huyo alitangazwa kwa jina la Vulcanops jennyworthyae, kwa heshima ya Jenny Worthy aliyeyaona mabaki yake. Alikuwa na uzito wa gramu 40 hivi, karibu sawa na yai dogo la kuku wa kienyeji. Yaelekea alikula mimea na wanyama wadogo. Baadaye nchi ile ilizidi baridi na ukavu. Wataalamu wanadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kutoweka kwake.

NA SISI JE?
Hata Mahenge, mkoani Singida, yamepatikana mabaki ya popo wa miaka milioni 46 hivi iliyopita. Basi tukichimba kisima au choo tukaona mfupa uliogeuka jiwe, tusiuvunje wala tusiuhamishe. Tumwarifu mwenyekiti wa kijiji. Ukivunjika, habari yake imepotea, na hakuna wa kuturudishia.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini meno hudumu kuliko mifupa?
2. Popo mla wadudu ana meno ya namna gani?
3. Ukiona mfupa wa kale shambani, utafanya nini?