Ukuta wa Udongo Kibaha: Hesabu kwa Kilo za Saruji

Siku hizi mwenye kiwanja Kibaha au Kisarawe hakosi kutumiwa video ya nyumba ya udongo wa kushindilia huko Arizona au Australia: ukuta mnene kama wa boma la Mjerumani, hauna plasta, na mwenyewe anaapa kwamba kiyoyozi hakijui. Swali hufuata palepale: kwangu itanitoka shilingi ngapi?

Bei ya saruji haitulii, kwa hiyo nimehesabu kwa kilo. Mita moja ya mraba ya ukuta wa kushindilia, unene sentimita 30, hula udongo wa kilo 600 hivi. Ukitia saruji asilimia 6 ili masika yasiulambe, umetumia kilo 36. Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6 unataka tofali kama 10 kwa eneo hilohilo. Mfuko ukitoa tofali 30, hizo ni kilo 17. Ongeza saruji ya kujengea na ya plasta ndani na nje, unakaribia 35. Kwa maneno mengine, nyumba "ya udongo" imekula saruji sawa na ya jirani, na bado hujalipa mbao za kukingia udongo wala vijana wa kutwanga kutwa nzima.

Tofali za kufungamana, zile zilizoenezwa na NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na ujenzi, zina hesabu nyingine. Ukuta wake ni sentimita 15, udongo haufiki kilo 300, na kwa saruji asilimia 7 unatumia kilo 20 tu. Zinapangwa kavu juu ya mstari wa kwanza, na upande wa nje unaweza kuziacha bila plasta. Gharama yake iko kwenye kukodi mashine, fundi anayezijua, na subira ya kuzimwagilia maji. Tofali za kuchoma sikuzipigia hesabu. Aliyeona jinsi mkaa na kuni zilivyoitafuna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi hataniuliza sababu.

Sasa joto. Ukuta mnene hufaa jangwani kwa sababu usiku kule ni baridi: mchana unanyonya joto, usiku unalitema, asubuhi umepoa. Kibaha mwezi wa Februari usiku wenyewe una fukuto. Ukuta wa sentimita 30 utakurudishia joto la mchana saa ile unayopanda kitandani. Huku pwani kinachopoza ni upepo na kivuli. Pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, madirisha yatazamane, ili kaskazi na kusi zipite ndani kila moja kwa majira yake. Upenu uzidi kidogo ule anaoupenda fundi wako.

Halafu bati. Jua letu la utosini hupiga paa kuliko ukuta, nasi tunashindana kuezeka msauzi wa rangi ya kahawia iliyokolea! Bati jeupe, dari, na matundu ya kutoa hewa ya moto juu ya dari vitakupoza kuliko unene wowote wa ukuta. Ulichookoa kwenye tofali kipeleke huko.

Kwa hiyo chaguo langu ni tofali za kufungamana, ila udongo ndio unaoamua, na wa Kibaha si wa Kisarawe. Shimo la choo likichimbwa, usiuache udongo wa chini uende na lori. Jaza nusu chupa, tia maji na chumvi kidogo, tikisa, iache mpaka kesho. Mchanga utalala chini, mfinyanzi juu. Mchanga ukizidi sana, tofali litamomonyoka. Mfinyanzi ukizidi, litapasuka likikauka. Fanya hivyo kabla hujalipa hata senti ya kukodi mashine.