Ushirika na Ushindani katika Njia za Angani

Kijiji cha Kifaru kiko chini ya milima ya Upare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Fikiri kwamba mabasi mawili hutoka hapo kila siku, na kila moja lina mwenyewe. Mmoja akipunguza nauli, mwenzake naye hupunguza, asije akakosa abiria. Huo ndio ushindani.

Basi siku moja wenye mabasi wapatana: fedha zote zitiwe katika mfuko mmoja, kisha wagawane. Tangu hapo basi moja huondoka asubuhi na la pili alasiri, wala hayafuatani matupu njiani. Abiria wafurahi, kwa kuwa saa za safari zimeongezeka. Lakini nani sasa atapunguza nauli? Hakuna, maana hakuna mshindani wa kumwogopa.

Makampuni ya ndege nayo hufanya vivyo hivyo. Ndege kubwa hununuliwa kwa mali nyingi na hula mafuta mengi. Ikiruka na viti vitupu, ni hasara. Tena kampuni haiwezi kutua katika nchi ya kigeni bila ruhusa. Kwa hiyo hutafuta mwenzi.

Katika mwaka wa 1996 kampuni ya KLM ya Uholanzi ilinunua asilimia 26 ya hisa za Kenya Airways. Makampuni hayo yakafanya ushirika katika njia ya Nairobi na Amsterdam, ambayo ni zaidi ya kilomita 6,000. Yalipanga saa za safari pamoja na kugawana mapato. Msafiri aliweza kununua tikiti moja, akapanda ndege ya kampuni hii, kisha akaendelea kwa ndege ya kampuni ile. Ushirika huo ulikoma mwaka wa 2021.

Je, ni nini kimlindacho msafiri? Kwanza ni njia nyingine. Mzazi wa Kifaru aliyeuza ng'ombe ili mwanawe akasome Ulaya aweza kuulizia nauli ya KLM katika kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka wa 1971. Akiiona kubwa, aweza kuulizia ndege zipitazo Addis Ababa au Doha. Pili ni sheria. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka wa 2003 yawakataza wafanya biashara kupatana bei badala ya kushindana.

Wahenga walisema, "Wapiganapo tembo, nyasi huumia." Katika biashara mambo huwa kinyume: tembo wakishindana, nyasi hupata nafuu, wakipatana kula pamoja, nyasi zina haki ya kuuliza zitabaki na nini.

Maswali
1. Ushirika wa mabasi uliwafaa abiria kwa jambo gani, na uliwapunguzia nini?
2. Kwa nini kampuni ya ndege hutafuta mwenzi?
3. Taja mambo mawili yamlindayo msafiri.