Muuza Makaa Aliyengojewa Kila Jumamosi

Huko Japani walikuwako watu waliokesha kila Jumamosi hata saa tano na nusu usiku kwa ajili ya kijana muuza makaa. Hadithi yake, Kimetsu no Yaiba, ni sinema ya picha zilizochorwa. Ilianza katika televisheni tarehe 6 Aprili 2019, ikaendelea majuma 26, kila juma kipande cha nusu saa hivi.

Tanjiro analala nje usiku mmoja tu. Arudipo asubuhi, zimwi limekwisha kuwaua mama yake na wadogo zake. Amesalia Nezuko, naye anageuka zimwi! Mwingine angemkimbia. Yeye anambeba mgongoni ndani ya sanduku, akitafuta dawa ya kumponya.

Ukitazama vipande vyote kwa siku moja, mapigano yale yanachosha, nasema kweli. Lakini waliongoja walikuwa wamemzoea kijana huyu miezi minne ilipofika tarehe 10 Agosti, kipande cha 19. Upanga wake umevunjika. Anakumbuka ngoma ya moto aliyoicheza marehemu baba yake. Nezuko amezimia, anasikia sauti ya mama ikimsihi amwokoe kaka yake. Anaamka.

Kisha ikawapasa kungoja tena hata Jumamosi.