Mtoto Mwenye Mdomo Uliopasuka: Mtazame Machoni

Mama mpendwa, macho ya binadamu hukimbilia kitu asichokizoea. Mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka, wageni hutazama mpasuko na kuyasahau macho yake. Kisha wengine hudhani hana akili, au mama amerogwa. Si kweli. Mdomo haukuungana vizuri katika miezi 3 ya kwanza ya mimba.

Usimfunike uso kwa leso. Mtazame machoni, zungumza naye. Mwite kwa jina mbele ya wageni, nao wajifunze kumwona yeye, si mpasuko.

Akishindwa kunyonya, mkamulie maziwa, umnyweshe kwa kikombe safi. Mpeleke kliniki mapema: mdomo hushonwa akiwa na miezi 3 hivi, na baadhi ya hospitali hazitozi malipo.